Maua ya Baridi

Azaiba, Maskati
Jumapili, 8 Disemba 2024

Kwa Dada Shariffa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natarajia barua hii itakukuta mzima, magoti yamepoa, na nyumba nzima hapo Kikwajuni haijambo. Sisi huku tunashukuru. Atheer anakusalimu sana mama yake mkubwa. Mtihani wa chuo keshamaliza, na siku hizi analala chumbani kwangu, ati mie mama yake naogopa. Anayeogopa ni yeye. Barua naileta kwa mkono wa Wijdan, binti wa jirani yetu aliyeolewa huko kwenu, na nimempa haluwa ya zafarani. Usiwagaie watu yote.

Utashangaa karatasi dunia hii ya simu. Simu nimeifungia kabatini. Tangu ile tarehe kumi na mbili Novemba kila ikilia moyo unanitoka: mara Maan wangu kaonekana Nizwa kapoteza fahamu zake, mara yuko Suri kwa mke wa pili, mara natumiwa dua ya maiti. Aliyenitumia dua ya maiti nimemfuta kabisa, na ni mtu tuliyekula naye.

Nakuandikia ilivyokuwa, maana najua umesikia kwa watu na watu huongeza chumvi. Siku ile Jumanne kulinyesha asubuhi, rasharasha tu. Baada ya Adhuhuri Maan akatoka kwenda shamba moja nyuma ya Al Amerat kuchukua miche ya petunia na magunia mawili ya samadi. Njia ya huko ni ya vumbi, na inakata wadi, yale mabonde makavu ya mto. Maji yakashuka kutoka jabalini. Gari wameipata siku ya pili mbali huko chini, imejaa mchanga, mlango wa dereva uko wazi, na yeye hayumo. Wametafuta siku kumi na mbili kwa watu na kwa mbwa. Hawakupata hata kiatu.

Mlango ulikuwa wazi, Dada. Mlango haujifungui. Kwa hiyo nakuomba sana, usije ukaniandikia "Allah amrehemu".

Sasa nikwambie bustani. Unajua huku ni kinyume na kwenu: kiangazi kila kitu kinaungua, baridi ikiingia ndo tunapanda. Maan alishatia mbegu kwenye trei tangu Oktoba. Nimezihamishia ardhini mwenyewe, petunia nyeupe ukutani, za urujuani kando ya njia, na rihani karibu na jiko. Hudihudi amerudi, yule wa kila mwaka, au mwengine mimi sijui, anatembea kwenye majani na taji lake anachoma ardhi kama fundi cherehani. Na kuna kindege cheusi na cheupe kinatikisa mkia siku nzima, hicho huja Novemba na huondoka joto likianza. Mkunazi umejaa tunda bichi. Maan akirudi nataka akute hakuna kilichokosa maji.

Jambo moja limenikaa. Siku ile hukunipigia. Wewe ambaye nikipiga chafya Azaiba unauliza kama nna mafua! Salamu zako zimenifika siku ya nne, tena kwa mdomo wa mtu. Kwani nawe umeifungia simu kabatini?

Ni mimi mdogo wako, mzima na macho,
Hajar


Kikwajuni, Unguja
29 Disemba 2024

Mdogo wangu Hajar,

Waalaykum salaam. Barua imefika na haluwa imefika, na nimewagaia watu maana meno yangu hayawezi tena. Magoti ni yaleyale. Vuli ya mwaka huu imetuchosha, paa la uani linavuja mahali patatu na nimepanga masufuria. Asumini imechanua mpaka inamwagika, hapana wa kuitunga. Mkumbatie Atheer. Akitaka kulala kwako mwache alale.

Simu yangu imeharibika. Nimeiacha hivyohivyo.

Hajar, mie ni mkubwa wako na mama hayupo, kwa hiyo ninalolisema nalisema kwa niaba yake. Mumeo kafa. Vua rangi, vua dhahabu, jifungie ndani miezi minne na siku kumi kama walivyokaa mama na bibi, umlilie. Mke asiyemlilia mumewe kwa wakati wake atamlilia umri wote. Eda haikaliwi kwenye petunia. Waachie watu maji wamwagie wao, wewe kaa chini.

Usinijibu habari ya mlango. Mlango unafunguliwa na maji pia.

Wala usiniulize nimejuaje. Mtu mzima hujua.

Nakuombea asubuhi na jioni,
Dada yako Shariffa


Azaiba
19 Januari 2025

Kwa Dada Shariffa,

Salaam alaykum. Hatujambo. Atheer kaanza kazi ya mafunzo ofisi moja Khuwair ya Kusini, anatoka na giza kwa ajili ya foleni. Baridi imeshika khasa, jana nimetoa shali ya mama.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nimeichana. Halafu nimeiunga kwa gundi, kwa kuwa ni mwandiko wako. Unasema mumeo kafa kama mtu anayesema chai imepoa! Hata polisi hawakusema hivyo. Hata Jaifar, ndugu yake wa tumbo moja, anasema "inshaallah" halafu anatazama chini. Wewe uko Unguja umekaa na masufuria yako, unajua?

Sasa sikiliza nilichofanya, usikie kwangu kabla hujasikia kwa Wijdan. Juzi nyumba ya tatu kutoka kwetu wamefiwa na baba yao. Wakaja wanawake wawili kuomba majani ya mkunazi ya kumwoshea. Mtaa mzima huchuma kwetu, Maan alisema mti huu tumeupanda kwa kazi hiyo. Nikafika mpaka getini nna kisu mkononi. Nikawatazama. Nikafunga geti, Dada. Nikawaacha nje wanagonga na maiti wao anangoja. Atheer alitoka kwa mlango wa nyuma akawachumia, analia. Jioni mtaa mzima ushajua kuwa mke wa Maan kanyima maiti majani. Nimeona aibu mpaka sasa, na lau wangerudi leo, wallahi sijui kama ningefungua.

Makunazi yameiva. Shore wanakuja makundi, wanakula nusu wanatupa nusu. Ndege chozi, yule jike, anajenga nyumba kwenye waya wa kuanikia nguo, kamfuko ka nyuzi na utando wa buibui, na kazi yote anafanya yeye, dume linang'ara tu juu ya boganvilia likipiga kelele. Kozi naye anapita. Wiki iliyopita kamchukua yule kindege wa mkia mbele ya macho yangu, manyoya yakabaki juu ya petunia nyeupe. Sikumfukuza. Nilikaa kwenye kiti nikatazama mpaka alipoondoka.

Nna jambo sijamwambia mtu. Aliyemtoa Maan nyumbani ni mimi. Yeye alisema tungoje siku mbili, redio imetaja mabonde kujaa maji. Mimi nikamcheka. Nikamwambia, "Mabonde ya nini? Mvua hii ya Maskati ni mate ya paka. Sisi tumelelewa na masika, tukienda skuli maji kiunoni, na leo tuogope rasharasha?" Naye akacheka akachukua ufunguo. Nilitaka petunia zangu ziwahi. Unajua jinsi sisi tuliokulia huko tunavyowacheka watu wa hapa, wakiona wingu wanafunga skuli. Kumbe wao wanajua. Huko kwetu mvua inakunyeshea wewe. Hapa inanyesha jabalini usikoona, na wewe juu yako kuna jua.

Hilo ndilo langu. Sasa niambie la kwako. Umejuaje?

Hajar


Kikwajuni
12 Februari 2025

Mdogo wangu,

Salaam. Sijambo kidogo. Paa limezibwa.

Nimesoma habari ya mkunazi, nimelia. Waendee wale watu, wape mkono, waombe radhi. Watakusamehe, wanajua ulivyo.

Na hilo la kusema wewe ndiye uliyemtoa, lifute moyoni. Si wewe uliyemtia majini. Nakuapia kwa jina la Mungu, si wewe. Alipofika pale alisimama. Angeweza kurudi.

Nimechoka leo. Nitaandika tena.

Shariffa


Azaiba
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa Dada Shariffa,

Ramadhani karim, na Mungu atufungulie kheri. Jana tumefuturu wawili tu, mimi na Atheer. Nilipika tambi za nazi kwa sahani tatu, kwa mazoea.

Nilikwenda kwa wale waliofiwa kabla ya mfungo. Mama wa nyumba alinishika mikono akasema, "Mwanangu, hapana ubaya." Nikazidi kuumia.

Nikupe habari mbili, halafu nna swali.

Ya kwanza, tarehe kumi na nne Februari alikuwa anaolewa Ruba, mtoto wa binamu yake Maan. Wakasema nisiende, watu watasema. Nikaenda. Nilivaa ile nguo yangu ya kijani, nikapaka hina mpaka kiwiko, nikajifukiza udi, nikachuma mawaridi ya bustanini nikayatia kichwani. Nilitaka wanione si mjane. Nikapiga na vigelegele! Kati ya wanawake wa meza yetu mmoja akanisogezea kahawa kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Ya pili, Jaifar kapeleka shauri mahakamani. Usimdhanie tamaa, hataki kitu. Kaniambia usoni, machozi yanamtoka, "Shemeji, siwezi hata kumswalia ndugu yangu." Tukaitwa wiki iliyopita. Hakimu mpole, kijana. Akauliza, "Yupo aliyemwona akiingia majini? Yupo aliyezungumza naye wakati ule? Akiwapo, jambo linakwisha leo. Asipokuwapo, tutangoja muda wa sheria." Nikasimama mimi nikasema, "Hayupo." Nikatoka kifua mbele kama niliyeshinda. Garini Atheer akaniuliza, "Mama, umefurahi nini?"

Joto limeanza kupanda. Petunia zimerefuka miguu, majani ya chini yamekauka. Makinda mawili ya chozi yametoka na kuruka. Hudihudi simwoni siku ya tano leo.

Swali langu. Kwenye barua yako umeandika, "Alipofika pale alisimama." Nimeisoma mara ishirini. Polisi hawakusema alisimama. Mimi sikusema alisimama. Nani kakwambia alisimama?

Unalolijua liseme. La kuvunda halina ubani.

Hajar


Kikwajuni
Jumanne, 11 Machi 2025

Hajar, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Leo sina salamu. Naandika baada ya Alfajiri, kabla sijapata sababu nyengine ya kutoandika.

Alinipigia. Simu ya picha, kama alivyozoea akiwa njiani peke yake. Alikuwa amesimamisha gari kwenye ukingo, akaigeuza simu anionyeshe maji. Yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanapita njiani, wala hayakuonekana mengi. Akasema, "Shariffa, ona wadi inateremka! Nyuma yangu miche ya mdogo wako sitini, unaniambiaje, nivuke au nirudi?" Alikuwa anacheka.

Na mimi nikacheka. Nilikuwa nakuna nazi. Nikamwambia, "Maji ya magoti hayo, bwana! Kuku wa Kikwajuni anavuka. Nyinyi wanaume wa Maskati mmekuwa mayai. Vuka umpelekee mke wako maua."

Hayo ndo maneno yangu, sikupunguza wala sikuongeza.

Akaiweka simu mbele yake pale pa kioo, nikawa namwona uso. Akaingia. Mwanzo aliniambia, "Unaona?" Halafu gari ikaenda upande, sikuelewa, nilidhani anageuza. Nikaona mbingu, buluu, kweupe kabisa. Nikasikia mlio kama lori linamwaga mawe, mlango wa upande wake ukafunguka, maji yakaingia yote kwa pamoja. Hakufungua yeye, Hajar. Mikono yake niliiona, yote miwili iko kwenye usukani. Akasema "La ilaha", akaanza tena "La ilaha", halafu picha ikakwama na uso wake mdomo wazi. Ikakaa hivyo kwa muda, mpaka simu ikakata.

Nikapiga na kupiga. Nikasema nikupigie wewe. Nikasema kwanza nitulie. Nikasema labda katoka, nikikupigia nitakutia wasiwasi bure. Magharibi ikaingia sijapiga. Kesho yake watu wakaniambia kapotea, nikasema "Lahaula", kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo kila siku ikawa nzito kuliko ya jana. Simu haikuharibika. Niliitumbukiza kisimani.

Nikaona bora nikusukume ukae eda bila kukwambia. Nilidhani ukikaa eda utakuwa umepata haki yako, nami siri yangu nitakwenda nayo kaburini. Hapo nilikosa mara ya pili, na kosa hili halikuwa la kucheka.

Wijdan anasafiri tarehe kumi na tatu. Mpe hakimu barua hii. Sikuombi unisamehe, sina uso huo.

Shariffa


Azaiba
Jumatano, 26 Machi 2025

Shariffa,

Wijdan hakusafiri tarehe kumi na tatu. Mtoto wake aliugua surua. Kaja Jumapili, barua nimeipata juzi Jumatatu.

Nimeisoma, nikampa Atheer akaisoma, tukampa Jaifar. Jaifar alikaa kwenye sakafu ya ukumbi wetu. Usiku uleule baada ya tarawehe wakamswalia Maan msikitini bila jeneza, safu kumi na moja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia jina lake likitajwa marehemu, na sikupiga kelele.

Jana nikaenda kwa sheikh wetu. Nikamwambia, "Nataka kukaa eda, nianze leo." Akaniuliza kafa lini. Nikamwambia kumi na mbili Novemba, yupo aliyeshuhudia kwa macho. Akahesabu kwenye kalenda yake, mwezi kwa mwezi, akahesabu mara mbili. Akavua miwani. Akasema, "Binti yangu, eda huanza siku ya kufa, mke ajue asijue. Yako imekwisha Alkhamisi iliyopita."

Alkhamisi iliyopita, Shariffa, nilikuwa Khuwair kwa fundi nachukua dishdasha ya Maan ya Idi. Nilimwambia fundi azidishe urefu kidogo.

Eda yangu nimeimaliza nimepaka hina. Nimeimaliza na mawaridi kichwani napiga vigelegele, nimenyima maiti majani, nimesimama mbele ya hakimu nikasema hayupo, na wewe ulikuwepo. Mume wangu hakuoshwa, hakuzikwa, na kilio chake cha siku mia na ishirini na nane umenipokonya wewe kwa kuogopa simu. Maneno uliyomwambia kwenye ukingo nimekusamehe tangu nilipoyasoma, kwa sababu ni yaleyale niliyomwambia mimi sebuleni. Tungekuwa wote tumekaa hapo siku ile, tungecheka pamoja. Miezi minne ya kunyamaza sijakusamehe, na sijui kama nitaweza.

Bustani nimeing'oa yote jana baada ya Alasiri. Petunia zilishakuwa nyasi. Mawaridi yamebaki na mkunazi umebaki, mengine nimetia kwenye mifuko ya taka, na geti nimeliacha wazi kwa anayetaka majani.

Sheikh kasema eda si juu yangu tena, nisijifunge bure. Sitoiita eda. Ila nitakaa ndani ya nyumba hii kwa idadi ya siku zile nilizoibiwa, na joto lote la Maskati liwe juu yangu. Jaifar atakukatia tiketi ya baada ya Idi. Hakimu anataka ushahidi kwa mdomo si kwa karatasi, na ukishamaliza kwake utakuja hapa. Chumba cha mbele nimekutandikia. Watu watakuja kunipa mkono, miezi minne watakuja, wa Azaiba, wa Amerat, wale wanawake wa meza ya harusi wote watakuja. Mimi sitotoka chumbani. Wewe ndiye utakayewafungulia mlango, uwakaribishe, uwatilie kahawa. Na kila atakayeuliza marehemu alikufaje, utamjibu wewe.

Hajar